Kinong'ono cha Bi Mize

"Ti."

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kifaranga anayegonga ganda la yai kutoka ndani. Ulitoka upande wa pili wa ukuta, kwenye uwanja wa wapishi, ukapenya katikati ya vicheko na vishindo vya vinu, ukamkuta Mwanjaa amekaa kwenye kigoda, macho kayafumba.

"Tulia," alisema Nuru, mpambaji aliyekwisha kumpamba bibi harusi na sasa alikuwa anawapaka wageni, akimshika kidevu. "Ukijitikisa tena nakupaka wanja mpaka sikioni, halafu useme nimekuharibu."

"Ti."

Huko nje Bi Mize alikuwa akiimba kwa ile sauti yake nzito ya kujigamba, iliyokuwa ikisikika kwenye kila harusi ya Ngamiani tangu Mwanjaa akiwa mtoto wa kugombania ukoko:

*Chungu changu nakijua, sihitaji kupimiwa,*
*Ulimi ukitambua, mkono huamriwa.*

"Ti."

Mwanjaa alitabasamu bila kufumbua macho. Mtaa ulikuwa umekaa muda mrefu bila sauti hiyo. Magoti ya Bi Mize yaligoma, sukari ikapanda, mwenyewe akabaki kitandani akiwasikiliza wapishi wa kuazima wakiunguza vitunguu vya watu. Ni yeye, Daktari Mwanjaa Kombo, aliyemwita kituoni miezi kumi na mmoja iliyopita, akamwandikia cheti cha kinong'ono, akakipandikiza kwa mikono yake mwenyewe chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Leo Bi Mize alikuwa anapika amesimama. Ilikuwa shughuli yake ya tatu ndani ya wiki mbili, na kila mtu aliyempita Mwanjaa mlangoni alimshika bega na kumwambia ahsante, kana kwamba pilau lile alikuwa amelipika yeye.

"Na mimi niandikie basi," Nuru alisema, akichovya kijiti kwenye wanja.

"Nikuandikie nini?"

"Kinong'ono. Nina gauni la mwezi ujao halinipandi hapa kiunoni."

"Maradhi yako ni yapi?"

"Ndiyo hayo. Gauni."

"Lipeleke kwa fundi cherehani."

"Mna roho mbaya nyinyi. Wenye vyeo wanatiwa na tumbo hawana. Sisi tukiomba tunaulizwa maradhi."

"Wanaowatia wale wanavunja sheria. Mimi nina watu kwenye foleni ambao ngazi tatu tu zinawamaliza pumzi. Nikikupa wewe chao nitawaambia nini?"

"Waambie nimependeza."

"Ti," ulilia ukuta. "Ti. Ti."

Tabasamu la Mwanjaa likakatika.

Kinong'ono hakikuzidi punje ya mchele. Kilikaa mkononi na uzi wake, mwembamba kuliko unywele, ukapanda shingoni hadi kwenye taya na kuusikiliza mdomo. Mtu akila, kilidondosha tone la ile dawa ya shibe ambayo zamani watu walijidunga mara moja kwa wiki, wakashinda siku nzima wanakichukia hata chakula cha mama zao. Kinong'ono hakikumkataza mtu kula. Kiliwahi tu kuuambia ubongo "basi" kabla tumbo halijajaa. Na kwa kuwa sheria ilitaka mwenye mwili ajue kila kinachoingia mwilini mwake, kila tone lilikuwa na mlio. Mlio mmoja asubuhi, mmoja mchana, mmoja usiku. Mwenye kupenda chai ya jioni, minne.

Mwanjaa alianza kuhesabu. Nuru alipomaliza jicho la kushoto, alikuwa amefika kumi na moja.

"Bi Mize anakula nini huko?" aliuliza.

"Bi Mize? Huyo hali siku hizi. Jana kwa akina Mbaruku nilimpelekea sambusa akaniambia nimwekee. Nikaikuta pale pale, imekaukiana. Hebu fumba jicho la pili."

*Chungu changu nakijua, sihitaji kupimiwa,* uliimba uwanja. *Ulimi ukitambua*

Wimbo haukumaliziwa. Mfuniko wa sufuria ulianguka kwenye saruji, ukazunguka, ukazunguka, ukalia kwa muda mrefu kama kengele isiyo na mtu wa kuishika. Na kabla haujanyamaza, Mwanjaa alikuwa tayari mlangoni, jicho moja lina wanja na jingine halina.

*

Bi Mize alikuwa amelala kati ya masufuria mawili makubwa, kanga imemvuka kichwani, kiganja cha kushoto kimekunjuka. Katikati ya kiganja hicho kulikuwa na tone la supu ya nyama, bado lina moshi. Ndivyo alivyoonja maisha yake yote: upawa, kiganja, ulimi. Juu ya paa, vigae vya jua vilimeta vikivuta umeme wa mtaa mzima, lakini hapa chini vifuu vya nazi vilikuwa vinawaka kwa kibali maalumu cha moshi, maana hakuna mtu wa Tanga aliyekubali pilau la harusi lipikwe kwa waya.

Riziki, binti wa Bi Mize, alikuwa amepiga magoti na kikombe cha maji ya sukari. Alikiinamisha kwenye midomo ya mama yake.

"Usimtie kitu mdomoni," Mwanjaa alisema.

Uwanja mzima ukageuka.

"Unasemaje?" Riziki aliuliza.

"Toa kikombe. Usimpe kitu chochote."

"Mama yangu ameanguka kwa njaa na wewe unasema asipewe kitu?" Riziki hakupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alimsikia. "Mmempunguza mpaka mnataka kummaliza, sivyo?"

"Ukimgusisha ulimi kitadondosha tone tena. Riziki, nisikilize. Kila anachoonja, kile kitu kinadhani anakula. Nikizime kwanza. Nusu dakika."

"Ti," kilisema kinong'ono, maana tone moja la maji ya sukari lilikuwa limeshatangulia.

Riziki alikisikia. Alikitazama kikombe kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni kamba, akakiweka chini.

Mwanjaa alivua pete yake ya muhuri, pete ya shaba yenye nukta ya mwanga wa kijani, ambayo bila hiyo daktari hawezi kuandika cheti wala kufungua kinong'ono cha mtu. Akaibana kwenye mkono wa Bi Mize, juu kidogo ya kiwiko. "Mwanjaa Kombo," alisema. "Lala saa ishirini na nne." Chini ya ngozi kitu kilitetemeka mara moja, kikatulia, naye akairudisha pete kidoleni.

"Sasa mpe. Kidogo kidogo. Mpake kwenye ufizi kwanza."

Walimpaka. Walimpepea kwa nyungo. Mtu alimwaga maji kwenye moto, mwingine akamkaripia kwamba pilau litatota, mwingine akamwambia mkaripiaji anyamaze, mtu anakufa hapa. Mwanjaa alishika mshipa wa shingo ya Bi Mize na kuhesabu, huku akijihesabia na mengine: kumi na moja wakati wa kupakwa jicho moja tu la wanja. Tangu alfajiri je? Tangu jana kwa akina Mbaruku? Matone madogo, ndiyo. Lakini madogo themanini ni bahari kwa mwanamke ambaye kwa wiki mbili hakuwa amekaa mbele ya sahani.

Kope za Bi Mize zikacheza.

"Nani amefunua sufuria yangu?" aliuliza.

Riziki alijifunika uso kwa kanga na kulia. Wanawake wakacheka wote kwa pamoja, kicheko kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi, na Mwanjaa alikaa kitako kwenye saruji yenye mafuta bila kujali gauni lake.

*

Walimlaza kwenye jamvi, kwenye ukumbi wa nyuma, mahali ambapo aliweza kuyaona masufuria. Alikataa kupelekwa mahali asipoyaona.

"Shikamoo, Bi Mize," Mwanjaa alisema, kwa kuwa katika kishindo chote hakuwa amemwamkia.

"Marahaba. Jicho lako jingine liko wapi?"

"Amebaki nalo Nuru."

"Rudi ukamalizie, unatisha wageni." Kisha akamwita binti yake. "Riziki. Sufuria la kwanza limefika wapi?"

"Mama, liache hilo."

"Watu mia nne watakula mchana huu. Wataambiwa tumeliacha?"

"Nimeonja. Chumvi sawa."

"Wewe ulimi wako mzito tangu utoto. Mpe daktari aonje."

Riziki alileta upawa bila kumtazama Mwanjaa. Mwanjaa alidondosha supu kiganjani, akalamba kama alivyomwona Bi Mize akifanya miaka yote.

"Imepungua," alisema.

"Kiasi gani? Sema kama msomi."

"Kidogo."

"Kidogo. Miaka saba chuo kikuu, kidogo." Bi Mize alifumba macho. "Harufu ya karafuu imetangulia au imefuata?"

"Imetangulia."

"Konzi moja ya chumvi, Riziki, na bizari ya kubana vidole vitatu. Halafu funika, palia moto juu."

Riziki alikwenda, akarudi. Alisimama kwenye nguzo, mikono kifuani.

"Mama, nataka kitolewe leo."

"Kitolewe nini?"

"Unajua nini. Mwili wako ulikuwa na kosa gani? Bibi alikuwa mnene, akazaa tisa, akafa mzee. Wanakuja hawa na vyeti vyao wanatuambia unene ni maradhi. Watu wanapungua, wanapungua, mwisho wanaanguka kwenye moto."

"Mimi sikuandikia unene dawa," Mwanjaa alisema. "Niliandikia magoti na sukari. Mama yako alikuwa hawezi kufika chooni bila wewe."

"Nilikuwa nampeleka. Nilikulalamikia?"

"Hukunilalamikia. Alinilalamikia yeye."

"Na leo angekufa nani angelalamika?"

Kila mmoja alikuwa na haki mkononi mwake na kila mmoja alikuwa anamgonga mwenzake nayo.

"Mmemaliza?" Bi Mize aliuliza. "Mnagombania mwili wangu kama kanga ya mnada. Huyu anavuta pindo, huyu anavuta mji wa kati. Nami nimo ndani yake, nawasikia."

Akamtazama binti yake kwanza.

"Riziki, ulinipeleka chooni mwaka na nusu na Mungu atakulipa. Lakini hujui ilivyo, mtu mzima kumsubiri mwanawe arudi sokoni ndipo ajisaidie. Kitu hiki kimenipa miguu. Sikitoi." Akageuza uso. "Na wewe Mwanjaa, mtoto wa njaa unayewagawia watu shibe, usifurahi. Wiki mbili hizi sikijui chakula. Natia chumvi kwa kukumbuka. Ulimi unaniambia iko sawa, lakini mate hayaji. Zamani pilau likikaribia kuiva, mate yalinijaa mdomoni kabla sijalifunua, nikajua tayari. Sasa nasimama juu ya sufuria kama nasimama juu ya ndoo ya kufulia. Hilo hukuniambia."

"Sikujua," Mwanjaa alisema.

"Hukuuliza."

Kioo cha mkononi mwa Mwanjaa kikatetemeka. Kilikuwa kinamtaka taarifa. Daktari akikilaza kinong'ono cha mtu kwa muhuri, hupewa saa moja aeleze kwa nini.

*

Alikwenda kuisomea kwenye kona ya magunia ya mchele.

Taarifa ilianza na maneno ya kile cheti, nayo yalikuwa machache. Jina: Mize Athumani. Tarehe ya kupandikizwa. Sababu: sukari, magoti. Kazi: mama wa nyumbani.

Mwanjaa aliyasoma maneno hayo matatu mara mbili. Mwandiko ulikuwa wake. Alijaribu kukumbuka siku ile kituoni, akakumbuka vizuri: alimwona Bi Mize anaingia kwa fimbo, akaijaza karatasi kabla mama hajakaa. Alimjua, amuulize nini? Alikuwa amekula kwenye sufuria zake tangu ana miaka minne. Alijua harusi zipi alipika, na misiba ipi. Kwa yote hayo, mkono wake ulipofika kwenye neno "kazi", haukuandika mpishi. Mpishi alikuwa mwanamume wa hoteli mwenye kofia nyeupe. Bi Mize alikuwa Bi Mize tu, mama wa watu, anayeitwa shughuli ikitokea na kuagwa kwa kanga mbili.

Na neno lile lilikuwa na kazi yake ndani ya kinong'ono. Waliokitengeneza waliamini kwamba wanawake wa nyumbani hudokoadokoa siku nzima. Kwa hiyo aliyeandikwa mama wa nyumbani, uzi wake ulikazwa: kila ulimi ukiguswa, tone. Aliyeandikwa mpishi, uzi ulilegezwa usubiri kumezwa kwa tonge, na tonge la pili, na la tatu. Mpangilio huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Ulikuwa umbali wa neno moja tu.

Chini kabisa kioo kilimwuliza chanzo cha tukio, na kumpa majibu mawili achague. Mtumiaji mkaidi. Kosa la mwandikaji.

Akampigia Daktari Shemhilu, mkuu wake. Uso wake mwembamba ukajitokeza, anakula chungwa.

"Nimeona umelaza kimoja," alisema. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Anagombana."

"Alhamdulillahi. Basi andika mkaidi, umalize. Kitatolewa, kitapewa anayefuata, yeye atarudi mwisho wa foleni. Mwaka, mwaka na nusu, atapata kingine."

"Hakuwa mkaidi, mzee. Mimi ndiye niliyeandika kazi siyo."

Shemhilu aliacha kutafuna. "Unajua ukiandika hivyo muhuri wako unazimwa papo hapo mpaka kikao kikae."

"Najua."

"Kikao kinachukua mwezi. Ngamiani nzima ina muhuri mmoja. Wagonjwa wako ishirini na kitu wataandikiwa na nani? Watapanda gari mpaka kwangu? Mwenyewe ulisema kuna watu ngazi tatu zinawamaliza. Mimi sikuambii uongope, binti. Nakuambia uwapime. Mmoja huku, ishirini kule."

Ndilo lililomchoma Mwanjaa, kwa sababu halikuwa neno la mtu mbaya. Angeweza kuandika mkaidi na kesho asubuhi akawa kituoni anawafungulia watu ishirini mlango. Bi Mize angerudi kitandani mwake kuwasikiliza wapishi wa kuazima. Na kwenye daftari la mkoa, milele, ingesomeka kwamba Mize Athumani alianguka kwa ukaidi wake: mwanamke mnene aliyeshindwa kujizuia.

Alitazama kule ukumbini. Bi Mize alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anamwelekeza Riziki kwa kidole jinsi ya kupanga makaa juu ya mfuniko.

"Mzee, nisubiri kidogo."

Alirudi, akachuchumaa jamvini.

"Bi Mize, nina swali nililopaswa kukuuliza miezi kumi na mmoja iliyopita. Magoti uliyatakia nini?"

Mama alimtazama kama anayemwona mtoto aliyekawia sana kutembea.

"Nisimame kwenye sufuria," alisema. "Ningetaka kuyafanyia nini kingine? Kuchezea mpira?"

"Kazi yako ni nini?"

"Hujui kazi yangu?"

"Naijua. Nataka uiseme wewe niiandike."

Riziki aligeuka kutoka motoni, koleo mkononi.

"Mpishi," Bi Mize alisema. Kisha, kwa sauti iliyozoea kuimba: "Mpishi wa shughuli. Miaka thelathini na sita."

Mwanjaa alilifuta neno, akaandika neno. Akabonyeza *kosa la mwandikaji*. Kwenye kidole chake ile nukta ya kijani ikafifia, ikawa nyeupe, ikazimika, na pete ikabaki shaba tu. Alingoja hofu impande. Badala yake alihisi mabega yakishuka, yale mabega ambayo hakujua yalikuwa yamepanda tangu mfuniko ulipoanguka.

"Umeshaandika," Shemhilu alisema kwenye kioo. Haikuwa swali.

"Nimeandika. Wagonjwa wangu nitawasindikiza mwenyewe hadi kwako, kila Jumanne, wote ndani ya gari moja. Na nina ombi. Walioanguka mwaka huu tukawaandika wakaidi, wako wangapi?"

Mkuu wake alifuta mikono, akavuta daftari lake, akasoma. Mwanjaa alimwona akirudi nyuma, akisoma tena.

"Watatu," alisema hatimaye. "Maelezo ya matukio yanasema mmoja anakaanga samaki pale forodhani. Mmoja anauza maandazi na mchuzi. Mmoja bibi, Usagara, anamlea mjukuu asiye na mama. Anamtafunia."

"Wote wameandikwa kazi gani?"

"Mama wa nyumbani," alisema. "Wote. Huyu wa Usagara nilimwandika mimi." Akavua miwani, akaibana pua yake kwa vidole. "Tumewanyang'anya wote watatu."

"Warudishiwe, mzee."

"Watarudishiwa wiki hii. Wa Usagara nitampelekea mwenyewe." Alivaa miwani tena, na sauti yake ikawa nyepesi kama ya mtu aliyetua gunia. "Kikao nitakisukuma. Wiki mbili, siyo mwezi. Na kinong'ono cha huyo mama kikiamka kesho, nitakuja na muhuri wangu kukifungua kwenye mpangilio wa wapishi. Kuna harusi huko? Maana nasikia vigelegele."

"Kuna pilau, mzee."

"Ningejua nisingekula chungwa."

*

Jua lilikuwa limesimama katikati wakati Riziki alipofunua sufuria la kwanza. Mvuke ulipanda, ukaenea ukumbini, na Bi Mize akanyamaza katikati ya sentensi.

"Nini, mama?" Riziki alimkimbilia.

Bi Mize aliweka vidole kwenye midomo yake. Akameza. Akameza tena. Macho yalimlowa.

"Mate," alisema. "Mate yamekuja."

Riziki akapiga magoti kando yake.

"Nina njaa, mwanangu." Aliitamka kama habari ya msafiri aliyerudi. "Wallahi nina njaa. Limeiva hilo, pakueni."

"Kinong'ono kimelala mpaka kesho," Mwanjaa alimwelezea. "Kikiamka kitakuwa kimelegezwa. Utaonja unavyotaka, hakitalia. Lakini kina sharti, na sharti hili ni lako, siyo la kwangu. Lazima kila siku ukae ule sahani moja kamili, mchana, umekaa kitako, ili kijifunze kula ni kupi na kuonja ni kupi. Usipokaa hakitajua."

"Mchana? Siku ya shughuli?"

"Siku ya shughuli hasa."

"Mpishi hakai kabla mgeni wa mwisho hajanawa. Umelelewa wapi wewe?"

"Kwenye ukoko wa sufuria zako. Na mgeni wa mwisho akinawa, mpishi anabakiwa na nini? Huo huo ukoko."

Riziki aliguna. Halafu, bila kuambiwa, alichukua sinia kutoka kwenye rundo la wageni, akapakua pilau la juu, lile lenye vipande vizuri, akaweka kachumbari pembeni, akalileta mpaka jamvini. Wanawake wengine walitazama, maana jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana Ngamiani, mpishi kupakuliwa kabla ya upande wa bwana harusi. Riziki aliwatazama na wao mpaka wakageukia masufuria yao.

"Bado nataka kitolewe," alimwambia Mwanjaa, akikaa.

"Najua."

"Lakini ni mkono wake." Akamsogezea mama yake sinia. "Nawa, ule. Na wewe daktari, ukafute hilo jicho."

Bi Mize alilitazama sinia kwa muda. Mtu aliyelisha mtaa kwa miaka thelathini na sita hakujua aanzie upande gani.

"Siwezi kula peke yangu mbele ya watu," alisema polepole. "Nitaona haya. Leo mmenizunguka kwa kuwa nimeanguka. Jumamosi kwa akina Saburi nani atakaa na mimi? Nitasema nakaa, kisha nitaona mtu anapakua vibaya, nitainuka. Najijua."

Mwanjaa alinawa mikono. Ile pete iliyozimika iligonga beseni, akaivua, akaitia mfukoni, akakunja miguu jamvini na kumega tonge.

"Jumamosi nitakuja saa sita kabla mgeni hajafika," alisema, "nikae pale utakapokaa, tule sinia moja mimi na wewe, na ukiinuka kabla halijaisha nitakushika kanga. Na harusi itakayofuata hivyo hivyo, na itakayofuata hiyo, niwe na muhuri au nisiwe nao. Nakuahidi, Bi Mize, hutakula peke yako."